Maksi Zilizolala Mfukoni

Jumatatu, 11 Januari 1971

Barua imefika! Kiti kimoja cha jaji kutoka jimbo letu, mashindano ya taifa ya kuteleza kwenye barafu, Vienna, mwezi wa Februari. Kimoja tu. Kitatolewa baada ya mashindano ya jimbo hapa Graz, Jumamosi na Jumapili hii. Kiti hicho ni changu. Nimeamua.

Miaka kumi na minne najaji. Miaka kumi na minne nasimama juu ya barafu mpaka vidole vya miguu vinasahau kwamba ni vyangu. Vienna sijaitwa hata mara moja! Miaka mitatu mfululizo anakwenda Daktari Edeltraud Pölzl, mwanamke wa meno. Anarudi na beji ya fedha kifuani na anaivaa mpaka kliniki. Mgonjwa kaachama, beji inamning'inia usoni.

Anayependekeza jina ni Hofrat Sixl, Hofrat ni cheo chake cha heshima cha serikali, mwenyekiti wa chama chetu. Hofrat ana binti, Gundula, bingwa wa jimbo mara mbili. Sihitaji kuchorewa ramani.

Dada yangu Hermine ameuliza kama haingekuwa rahisi kujaji vizuri tu. Hermine ni mjane, anakaa juu ya duka langu la miwani, na maoni yake huyashusha chini bila kuitwa. Nimemwambia hajui siasa.

Pia nimejaza fomu ya macho. Kila jaji lazima apimwe na fundi wa miwani. Fundi wa miwani ni mimi. Nimejipima, nimejikuta mzima, nimetia saini sehemu zote mbili. Ukweli ni kwamba kuanzia mita tatu mbele yangu dunia inakuwa uji. Lakini jaji akivaa miwani, jukwaa zima humwita kipofu. Yangu inakaa kwenye droo.

Jumanne, 12 Januari

Siku njema iliyoharibika baadaye.

Asubuhi Hofrat aliingia dukani kukazwa skrubu za miwani yake. Nilimwita Mheshimiwa Hofrat mara tisa, nilihesabu. Alisema Gundula amebadilika sana mwaka huu, hasa ile nane anayoichora kwenye barafu kwa mguu wa kushoto. Nikasema nimesikia. Akauliza nimesikia kwa nani. Nikasema mji mzima unasema. Akafurahi, akanishika bega. Akasema mtu mwenye jicho kama langu angefaa Vienna. Jicho kama langu!

Tatizo likawa moja: mji mzima ulikuwa haujasema chochote. Ikabidi niusaidie. Jaji hamwoni mchezaji peke yake, anaona na yale aliyoyasikia juu yake. Ukilitangulizia jina sifa, maksi zinafuata zenyewe. Nikafunga duka saa nne, nikazunguka mikahawa mitatu nikinong'ona kwamba Gundula Sixl amebadilika. Kwa kinyozi pia. Kwa muuza magazeti pia.

Saa kumi Hermine alirudi kutoka kwa mwoka mikate, macho yamemtoka. "Kaka, umesikia? Binti wa Hofrat kabadili dini! Kawa Mprotestanti!"

Jioni Hofrat alipiga simu. Mke wake amelala kitandani na kitambaa cha maji usoni. Paroko ameshafika nyumbani kuuliza. Je, najua nani ameanzisha uvumi huu? Nikasema naona ni maneno ya wivu. Nikasema watu wa meno husikia mengi. Hofrat akasema "Ahaa."

Kwa hiyo siku haikuharibika sana.

Jumatano, 13 Januari

Leo nimemwendea Koloman Fürnkranz, jaji mwenzangu, mkaguzi mstaafu wa reli. Fürnkranz hana upande. Upande wake ni keki. Nilimpelekea keki ya Hermine ya jozi na zabibu kavu, nzima, bila Hermine kujua.

Nilimweleza kwa uangalifu kwamba Jumamosi huenda ukungu ukawa mzito na mtu akashindwa kujua nani yuko kwenye barafu. Nikasema ingefaa, kwa ajili ya haki, anikoholee mara moja zamu ya Gundula ikifika. Fürnkranz akauliza mdomo umejaa: kwani mimi simjui Gundula kwa sura? Nikasema namjua sana, ni kwa ajili ya haki tu. Akakubali. Akauliza kama Hermine hupika pia ile ya mbegu za mpopi.

Nimerudi dukani, mara anaingia Pölzl! Amekuja kuchukua kioo chake cha kukuzia, kile anacholala nacho kifudifudi kwenye barafu kama anatafuta hereni. Kwake yeye jaji lazima apige magoti. Mchezaji anachora nane kwa mguu mmoja, anaupitia mstari uleule mara ya pili, mara ya tatu, na Pölzl anataka kuona kama mistari mitatu imelala juu ya mmoja au imetawanyika. Kila mchezaji! Hata wale wasio na jina!

Nilikuwa nasoma gazeti nikiwa nimelishika mbali kidogo. Yaani nimelitundika ukutani na nimesimama mlangoni, nikijaribu macho. Akanitazama. Akasema, "Kirchsteiger, hilo gazeti umelitundika juu chini." Nikasema najua. Akasema miwani si aibu, yeye mwenyewe anayo. Nikasema kwa mtu wa meno haidhuru. Akasema mwakani ataomba majaji wapimwe macho na mtu mwingine.

Ni vita, basi.

Alhamisi, 14 Januari

Kura ya zamu imepigwa. Wachezaji tisa. Gundula Sixl ni namba saba. Baada yake, namba nane, Notburga Pretterhofer wa Oberlimbach.

Nani? Wapi? Nimeuliza. Oberlimbach ni kijiji kule mashariki kwenye mashamba ya maboga. Uwanja wa barafu hawana, wana bwawa la zimamoto linaloganda majira ya baridi. Baba mtu ni tarishi wa posta. Hana klabu ya maana, hana mwalimu, alijifunza kwenye kitabu cha kuazima. Jina kama hilo halifiki maksi nne kati ya sita hata likiwekewa ngazi.

Hapa nitaandika siri yangu ya kazi, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kwenye barafu jaji anapewa sekunde chache, filimbi inalia, kadi juu. Majaji wengine wana vijikadi vya kufunua namba. Kwa glavu sivifunui vizuri, na namba zenyewe ni ndogo kama chawa. Kwa hiyo mimi huandika mapema. Nimekata kadi tisa kutoka kwenye kalenda ya mwaka jana, mbele nimeandika maksi kwa wino mnene, nyuma namba na jina. Halafu nazipanga mfukoni kwa zamu.

"7. Sixl." Maksi 5.1.

"8. Pretterhofer." Maksi 3.2. Nilitaka 3.0, lakini mimi si mtu mkatili.

Hermine alisimama nyuma yangu na bakuli la unga. Akauliza inakuwaje nimempa msichana maksi na bado hajacheza. Nikasema huo ndio uzoefu. "Na akicheza vizuri?" Nikasema hatacheza vizuri, hana jina. "Na Gundula akianguka?" Nikasema Gundula Sixl haanguki. Hupoteza mizani kidogo kwa namna ya kupendeza. Hermine akapumua kwa pua, akauliza kama kuna mtu ameiona keki yake ya jozi.

Ijumaa, 15 Januari

Mazoezi rasmi. Ukungu, kama nilivyotabiri! Wachezaji wote wamevaa nguo nyeusi za mazoezi. Gundula peke yake ana kofia nyeupe ya manyoya, hata mimi niliiona. Nilitikisa kichwa kwa kukubali kila ilipopita.

Pembeni kabisa kulikuwa na mtu akizungukazunguka mahali pamoja saa mbili nzima, kimya, kichwa kimeinama. Nilidhani ni mfagiaji. Nikamwomba kwa upole asogee, anamkinga Gundula. Akasema "Samahani, bwana," kwa sauti ya msichana. Ndipo nikaona ana viatu vya barafu.

Wakati wa kuagana jioni, Hofrat aliniita pembeni. Amesema maneno haya, nayanakili: "Kirchsteiger, Vienna inapenda mtu wa msimamo." Msimamo! Ninao. Hermine amenifumia kofia mpya ya kufunika masikio, kesho itakuwa baridi kali.

Jumamosi, 16 Januari

Siwezi kueleza. Nitaeleza.

Saa mbili asubuhi. Ukungu kutoka mto Mur umejaa uwanja mzima. Majaji watano tumesimama safu moja: mimi, Pölzl, Fürnkranz, na wale wawili wa mji wa Leoben ambao hata chafya hupiga pamoja. Kofia ya Hermine imenifunika kutoka nyusi mpaka shingo. Kadi tisa mfukoni.

Namba moja mpaka sita, safi kabisa. Mchezaji anachora, sisi tunausogelea mstari wake, Pölzl analala kifudifudi, mimi nasimama nyuma yake nikishika kidevu. Filimbi. Kadi juu. Kwa kila mmoja maksi zangu zilikaa katikati ya za wenzangu kama msumari kwenye shimo lake. Nilijiona niko Vienna tayari.

Kisha spika ikanguruma. Chini ya kofia nikasikia "mmm mmm mmm." Nikamwuliza Fürnkranz imesemaje. Alikuwa anapekua mifuko yake akitafuta leso.

Akaja namba saba. Kofia nyeupe juu, nguo nyeusi chini. Na Fürnkranz akakohoa! Mara moja, wazi, kama tulivyopatana. Rafiki wa kweli. Msichana akachora nane yake. Pölzl akakaa chini kwenye mstari muda mrefu kuliko kawaida. Filimbi. Nikachomoa 5.1, nikaipandisha mkono wote, nikatazama upande wa Hofrat kwa tabasamu.

Jukwaa kimya. Nikachungulia kadi za jirani. Pölzl, 5.0. Fürnkranz, 3.4. Leoben, 3.3 na 3.3. Nilishtuka. Leoben wanampa binti wa Hofrat 3.3! Nikawasikitikia kwa moyo wote, wamejichimbia kaburi. Na Fürnkranz naye, keki yangu ameila bure!

Akaja namba nane. Kofia nyeupe tena. Nikaona ushamba huo, kuiga kofia ya bingwa. Fürnkranz akakohoa. Akakohoa tena. Akanipiga kiwiko. Nikamwambia pole kwa mafua. Msichana katikati ya nane yake akagusa barafu kwa mguu wa pili, mara mbili, hata jukwaani waliona maana waliguna. Filimbi. 3.2 juu, bila huruma.

Pölzl, 3.3. Fürnkranz, 4.7. Leoben, 4.8 na 4.8.

Uwanja ulilipuka. Watu wanazomea, wanapiga miguu kwenye mbao. Nikavua kofia nisikie vizuri. Spika ilikuwa inarudia: maksi za namba nane, baada ya kubadilishana zamu kwa sababu ya kamba ya kiatu iliyokatika, maksi za Gundula Sixl.

Nilitaka barafu ipasuke iniweke chini na samaki, nikakumbuka chini kuna saruji.

Hermine alisikia yote kule jukwaani, akanieleza baadaye. Kamba haikukatika hata kidogo. Hofrat mwenyewe aliomba zamu ya binti yake irudishwe nyuma, maana anayecheza nyuma hupewa maksi zaidi. Kila mtu wa barafu anajua hivyo. Aliwanong'oneza majaji wote watano. Mimi alininong'oneza sikio la kushoto, juu ya kofia. Hermine anasema niliitikia kwa kichwa.

Na kofia nyeupe ya Pretterhofer? Mama yake alimfumia baada ya kuona picha ya Gundula gazetini.

Mapumziko dakika kumi, nyuma ya kibanda cha chai. Fürnkranz akanijia mbio. "We Ferdinand, umerukwa na akili? Nimekohoa mpaka mbavu zinauma!" Nikamwambia mara ya kwanza alikohoa bila sababu. Akasema ile ya kwanza ilikuwa zabibu kavu.

Michoro ni mitatu, bado miwili, na nilikuwa na njia mbili. Kwenye mchoro wa pili na wa tatu nirudi kwa Gundula, na hapo kila mtu atajua nilikosea. Au nishikilie. Anayebadilisha amekosea, anayeshikilia ana msimamo. Na Vienna inapenda mtu wa msimamo!

Nikaandika kadi mpya, nikashikilia. Mchoro wa pili: Pretterhofer 5.1, Sixl 3.2. Jukwaa likanipigia makofi. Mimi! Mzee mmoja akapiga kelele, "Huyo ndiye jaji!" Mchoro wa tatu: Pretterhofer 5.2, maana makofi yalinipanda kichwani. Zomeazomea zikawaelekea wengine, na Fürnkranz ni mtu asiyependa kelele. Mchoro wa pili alikuwa amewapa sawasawa, wa tatu akampa Pretterhofer 5.1 na Sixl 3.5, jumla yake ikageuka hapohapo. Sasa watatu kati ya watano tumemweka msichana wa tarishi juu. Watatu wanatosha.

Hofrat alipita mbele yangu bila kunisalimu. Kadi zangu mbili zimepotea kwenye vurugu, ile 5.1 na ile 3.2 za kwanza. Hermine amenipikia supu na kuniongezea bila kuombwa, jambo linalonitia hofu kuliko yote.

Jumapili, 17 Januari

Siku ya kucheza na muziki. Gundula aliruka vizuri, Pretterhofer aliruka kama mtu anayevuka mtaro, lakini michoro ya jana ina uzito zaidi. Amebaki wa kwanza. Ndiye anayekwenda Vienna.

Mimi siendi popote. Nilimtakia Hofrat heri ya Jumapili. Akasema, "Wewe ni nani?"

Jumatatu, 18 Januari

Gazeti! Ukurasa wa michezo, picha yangu nikiwa na kadi juu na kofia ya Hermine. Kichwa cha habari: "Jicho Lisilodanganyika." Wameandika kwamba fundi wa miwani Ferdinand Kirchsteiger aliutazama mstari, hakutazama jina. Wameandika kwamba mchezo huu umeoza kwa majaji wanaokuja na maksi zao mfukoni, na kwamba mtu mmoja amethubutu.

Nimelisoma mara sita. Mara ya nne nikaanza kukumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kwani nani anajua mkono wa mtu unaongozwa na nini? Pengine kwa ndani niliona.

Duka lilijaa. Watu saba wamepimwa macho. Hermine amekata picha gazetini akaibandika dirishani, lakini chini yake ameandika "Kofia: Hermine."

Jumatano, 20 Januari

Leo alikuja Notburga Pretterhofer.

Nilikuwa peke yangu. Akaingia msichana wa miaka kumi na sita, mashavu mekundu, amekuja kwa basi la alfajiri na chupa ya mafuta ya mbegu za maboga iliyofungwa kwenye soksi ya sufu. Akanisalimu kwa heshima zote. Akasema baba yake ametuma mafuta, ni ya shamba lao.

Nikasema haikuwa na haja, nikaipokea.

Akasimama. Akasema ana miaka minne anachora kwenye bwawa, na hakuna aliyewahi kuutazama mstari wake. Hutazama orodha, wakiona Oberlimbach wanaandika. Akasema Jumamosi alipoiona ile 5.1 alidhani amesoma vibaya. Akasema alilia ndani ya basi njia nzima, baba yake akadhani amepoteza viatu.

Kisha akauliza. Kwenye mzunguko wa pili wa mguu wa kushoto, pale mstari unapokunja, anahisi alitoka nje kidogo, upana wa uzi. Daktari Pölzl ameshamweleza maoni yake. Lakini mimi ndiye niliyempa kubwa kuliko wote, kwa hiyo niliona zaidi. Je, niliona nini pale? Anataka akarekebishe kabla ya Vienna. Akatoa daftari na penseli.

Nilikohoa. Nilipanga upya boksi la fremu lililokuwa limepangwa. Yule msichana alisubiri, penseli iko juu ya karatasi, ananitazama usoni kama mtu anayetazama saa ya kituo cha treni. Nilijisikia vibaya. Naandika hapa ilivyokuwa: nilijisikia vibaya sana, mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikasema, "Endelea hivyohivyo."

Akaandika! Akaandika "endelea hivyohivyo," akapigia mstari chini, akashukuru, akaondoka kuwahi basi. Sikula mchana.

Ijumaa, 22 Januari

NAKWENDA VIENNA!

Barua ya chama cha taifa, imepita juu ya kichwa cha Hofrat. Baada ya habari za magazetini wanaona vema jimbo letu liwakilishwe na jaji mwenye jina la uadilifu. Jina! Hoteli yenye bafu ndani! Beji ya fedha!

Nilimpungia Pölzl barua hiyo kupitia dirisha la kliniki. Alikuwa na mgonjwa. Alinipungia koleo.

Saa tisa akaja mwenyewe, koti jeupe bado mwilini. Akafunga mlango wa duka nyuma yake. Akaweka bahasha mezani. Ndani kadi mbili za kalenda, zimejikunja kwa maji. "7. Sixl," nyuma yake 5.1. "8. Pretterhofer," nyuma yake 3.2. Aliziokota kwenye barafu Jumamosi.

Nikauliza anataka nini. Kiti? Achukue kiti.

Akasema hataki kitu. Akasema akizionyesha kadi hizi Hofrat atakata rufaa, matokeo yatafutwa, na msichana atarudi kwenye bwawa lake. Na mstari wa yule msichana, akasema, ni mzuri kuliko wowote aliowahi kuulalia tumbo. "Umempa haki yake kwa bahati mbaya, Kirchsteiger. Basi Vienna mpe kwa makusudi. Vaa miwani yako, piga magoti, tazama. Hilo tu."

Nikasema nimeelewa. Bahasha akaiacha mezani, akaenda mwenyewe kwenye droo, akaitoa miwani yangu, akanivika. Nikamwona vizuri mara ya kwanza baada ya miaka. Ana madoa usoni. Nilidhani ni mtu mwenye sura ya ukali, kumbe amechoka tu.

Hermine aliyasikia yote kwenye ngazi. Anasema mwanamke huyo ni mtu. Nimekubali. Nimeahidi, mkono kifuani.

Jumapili, 31 Januari

Nimetafakari kwa utulivu. Pölzl ana wivu.

Orodha ya Vienna imefika, wachezaji kumi na wawili, majina na zamu. Nimeiweka mezani pamoja na saladi ya viazi. Mafuta ya wale watu wa Oberlimbach ni matamu ajabu, nimeongeza mara mbili.

Kuhusu miwani: nimeivaa siku nne. Inanibana pua. Zaidi ya hapo, gazeti limeniita Jicho Lisilodanganyika. Jicho Lisilodanganyika haliwezi kutokea Vienna limevikwa vioo, watu watacheka. Imerudi kwenye droo.

Kuhusu kazi yenyewe, sasa nimeuelewa mchezo. Kosa langu miaka yote lilikuwa kuwapa maksi wenye majina. Kila mjinga hufanya hivyo! Mtu muadilifu hufanya kinyume: mwenye jina anamshusha, asiye na jina anampandisha. Hiyo ndiyo imenifikisha hapa, na wananisubiri niifanye tena. Haihitaji macho, inahitaji orodha tu na msimamo. Nimekata kadi za kalenda. Bingwa wa Vienna, 3.1. Msichana fulani wa Tirol ambaye hakuna amjuaye, 5.2. Nimepanga kumi na moja, kazi nzuri, wino umekauka.

Amebaki mmoja. Zamu yake ni ya nane. Magazeti matatu yamemwandika wiki hii, moja na picha, "Malkia wa Bwawa la Zimamoto." Ana jina sasa, jina kubwa. Nilisita kidogo, sikatai. Lakini nikimpendelea watasema ni mtu wa jimbo langu, na uadilifu wangu utakuwa umekwisha siku ya kwanza.

Hermine amepita, amechungulia begani kwangu, ameichukua chupa ya mafuta mezani na kwenda nayo juu.

Kadi yake sina haja ya kuikata. Ipo kwenye bahasha ya Pölzl, imejikunja kidogo tu. Namba ileile, jina lilelile, na 3.2 bado inasomeka vizuri.